Nani anamwandaa kiongozi wa meza ya maji?

Saa kumi na moja alfajiri lori lilituacha kando ya barabara, kwenye kilomita ya 15 ya mbio za nusu marathoni. Tulitakiwa kuwa watu 30. Tulifika 22: wengi wanachuo, skauti wawili wenye skafu shingoni, mama mmoja wa makamo aliyekuja na binti yake, na mimi.

Katoni za maji zilirundikwa chini ya mwarobaini. Kulikuwa na meza sita, mapipa mawili ya taka na filimbi moja. Dereva alinipa karatasi ya majina na riflekta iliyoandikwa mgongoni "Kiongozi wa Timu". "Haya kaka, kazi njema," akasema, akaondoka kuwahi kituo cha mbele.

Uongozi wenyewe nilikuwa nimeupata saa mbili usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa ujumbe wa simu. Mwaka uliotangulia niligawa maji vizuri, basi wakanikumbuka. Sikuuliza swali hata moja. Nilifurahi.

Wakimbiaji wa mbele walitupita saa moja kasorobo, hata chupa hawakugusa. Kuanzia saa moja na nusu ndipo watu walipokuja, mamia kwa mamia, jua limeshachomoza. Kila mmoja alichukua chupa mbili, ya kunywa na ya kujimwagia kichwani. Wote waligombania meza ya kwanza, kwa sababu meza zote sita nilizibananisha mahali pamoja. Kijana mmoja alikanyaga chupa tupu, akateguka kifundo cha mguu mbele ya macho yangu.

Saa mbili na dakika kumi maji yakaisha. Namba ya mratibu iliyokuwa kwenye karatasi nilipiga mara tisa, na mara zote tisa ilikuwa ikitumika.

Akaja mama mtu mzima, makamo ya mama yangu mzazi, anatembea ameshika kiuno. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba mwanangu. Maji yako wapi?" Sikuwa na jibu. Yule mama wa timu yangu akatoa chupa yake mwenyewe kwenye mkoba, akampa. Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa noti ya shilingi elfu kumi, akamtuma skauti dukani.

Mbio hizo sitazitaja. Waandaaji wake hawakuwa wabaya kuliko wengine, na mengi ya asubuhi ile niliyakosea mimi mwenyewe. Lakini mhariri aliponipa kazi ya kuandika juu ya watu wanaojitolea kwenye riadha, nilijua pa kuanzia: na mtu huyu anayevalishwa riflekta ya kiongozi, akaachwa kando ya barabara na karatasi mkononi.

Kazi yenyewe

Mashindano makubwa ya riadha hayaendeshwi na waamuzi na wafanyakazi wa kulipwa pekee. Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012 ilihudumiwa na watu wa kujitolea wapatao 70,000. Ya Paris mwaka 2024 ilichukua 45,000. Boston Marathon, inayokimbiwa kwa asubuhi na mchana mmoja, huhitaji karibu 10,000.

Umati wa namna hiyo hauwezi kupokea amri kutoka kwa mtu mmoja ofisini. Hugawanywa katika makundi ya watu kumi, ishirini au thelathini, na kila kundi likawa na kiongozi wake. Naye anajitolea kama wenzake. Tofauti ni kwamba jambo likiharibika, jina linaloitwa kwenye redio koli ni lake.

Uwanjani kazi yake inaanzia kwenye vikapu. Ukitazama mbio za mita 100 kwenye televisheni, utaona nyuma ya kila mwanariadha kuna kikapu au sanduku. Humo anaweka suti ya mazoezi, viatu vya kutembelea, chupa yake. Mlio wa bastola ukishasikika, vikapu vile vinane vinatakiwa vifike upande wa pili kabla wenyewe hawajamaliza kuhojiwa na waandishi. Vijana huvibeba wakiwa wamejipanga mstari mmoja. Kiongozi huhesabu: kikapu cha njia ya tatu kikienda mahali pa njia ya nne, kuna mtu atavaa viatu visivyo vyake huku mbio za mita 200 zikimsubiri.

Upande wa kurusha ni hatari zaidi. Nyundo ya wanaume ina uzito wa kilo 7.26, na mabingwa huirusha zaidi ya mita 80. Mwaka 2012 huko Düsseldorf, Ujerumani, mwamuzi mzoefu alifariki baada ya kuchomwa na mkuki uliorushwa wakati anasogea kupima. Ndiyo maana kiongozi wa wanaookota vifaa hurudia neno moja siku nzima hadi vijana wamchoke: usimpe mrushaji mgongo.

Barabarani mambo hubadilika tena. Kanuni za riadha za dunia zinataka mbio za barabarani ziwe na maji kila baada ya kilomita 5 hivi, na mbio zikizidi kilomita 10, viburudisho vingine vinaweza kuwekwa hapohapo. Kwa wakimbiaji wa daraja la juu, kila mmoja huwa na chupa yake aliyoikabidhi mapema. Chupa hizo hulindwa tangu zinapopokelewa hadi zinapofika mezani, asije mtu akatia kitu ndani.

Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia jijini Tokyo tarehe 15 Septemba 2025, yeye na Mjerumani Amanal Petros walipewa muda uleule, saa 2 dakika 9 na sekunde 48. Picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyowatenganisha, kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Fikiria basi chupa moja iliyopangwa vibaya kwenye meza moja, na mkimbiaji akalazimika kugeuka kuitafuta.

> Jambo likiharibika, jina linaloitwa kwenye redio koli ni la kiongozi wa timu.

Kasarani na Mombasa

Afrika Mashariki tunayo historia yetu katika jambo hili. Machi 24, 2007 Mombasa iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Joto la Pwani na unyevunyevu wake viliwatesa wanariadha, hata Kenenisa Bekele, bingwa aliyekuwa hashindiki katika mbio hizo, aliacha njiani. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda.

Miaka kumi baadaye, Machi 2017, Kampala ilikuwa mwenyeji wa mashindano hayohayo pale Kololo. Julai ya mwaka huo Nairobi ikaandaa mashindano ya dunia ya vijana walio chini ya miaka 18 katika uwanja wa Kasarani, na Agosti 2021 yakaja ya walio chini ya miaka 20.

Nayataja mawili haya ya Kasarani kwa sababu yanaonyesha jinsi kazi ileile inavyogeuka. Mwaka 2017 watu walifurika jukwaani, na kiongozi wa wanaoelekeza wageni alikuwa na kazi ya kupunguza msongamano milangoni, kutafuta watoto waliopotea, kutuliza waliokosa viti. Mwaka 2021, wakati wa korona, milango ilifungwa kwa watazamaji wa kawaida. Kijana aliyetarajia umati akajikuta analinda utaratibu wa barakoa na vipimo mbele ya viti vitupu. Maelekezo ya mwaka 2017 yasingemfaa kitu.

Kiongozi haandaliwi mara moja ikawa basi. Anaandaliwa kwa kila mashindano, na kwa kila mahali atakaposimama.

Maji yanaokoa, maji yanadhuru

Baada ya asubuhi ile ya mwarobaini nilianza kusoma na kuuliza waliobobea. La kwanza lililonishangaza ni kwamba kugawa maji kuna elimu yake.

Meza hutawanywa kwa urefu wa makumi ya mita, na mtu mwenye sauti husimama mwanzoni akipaza: maji yapo hadi mbele! Kikombe hujazwa nusu tu, maana kilichojaa humwagika. Hushikwa kwa chini au hukaa juu ya kiganja kilichonyooshwa, mkimbiaji akidake bila kugongana na vidole. Chupa hulegezwa kifuniko. Taka hufagiwa kila wakati, tangu watu wa kwanza wanapopita.

Na kuna akiba. Sehemu ya maji hufichwa nyuma, haiguswi mpaka wale wa taratibu wafike. Hao ndio wanaokaa juani muda mrefu zaidi, na ndio wanaokuta katoni tupu. Hilo hakuna aliyeniambia. Ningeliambiwa kwa dakika moja tu, yule mama asingeuliza maji yako wapi.

La pili ni zito zaidi. Maji mengi kupita kiasi yanaweza kumuua mkimbiaji. Wataalamu waliochunguza damu za wakimbiaji 488 wa Boston Marathon ya mwaka 2002 walikuta asilimia 13 kati yao wamepungukiwa chumvi ya sodiamu, na wachache kati ya hao kwa kiwango cha hatari. Waliokunywa mno hadi wakaongezeka uzito njiani ndio waliokuwa hatarini zaidi. Kwa hiyo kijana wa meza ya maji anayemlazimisha mtu aliyechoka kunywa chupa ya tatu kwa nia njema, anaweza kumdhuru.

Joto nalo lina dalili zake. Mkimbiaji anayeyumba, anayejibu mambo yasiyoeleweka, ambaye ngozi yake inaunguza, hahitaji kutiwa moyo amalizie. Anahitaji kupozwa kwa maji baridi au barafu palepale wakati wahudumu wa afya wanaitwa, kwa kuwa kila dakika ina thamani. Mwaka 2019 jijini Doha marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianza usiku wa manane ili kukwepa jua, na bado kati ya wanawake 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Ruth Chepngetich wa Kenya ndiye aliyeshinda.

Je, kiongozi wa meza zetu anajua dalili hizo? Anayo namba ya gari la wagonjwa, au anayo ya mratibu inayotumika muda wote?

Koni moja, mbio zikapotea

Njia ya mbio nayo inalindwa na watu wanaojitolea, na makosa ya njia hayafutiki. Mwezi Novemba 2015 huko Bangkok, Thailand, maelfu waliojiandikisha nusu marathoni ya kilomita 21 walijikuta wamekimbia zaidi ya kilomita 27, kwa sababu mahali pa kugeukia palikosewa. Oktoba 2017 huko Venice, Italia, kundi la mbele la wakimbiaji wa Afrika Mashariki liliifuata pikipiki iliyotoka nje ya njia. Walipogeuzwa walikuwa wameshapoteza dakika mbili hivi, na Mwitalia Eyob Faniel akashinda.

Kwa mkimbiaji wa burudani hiyo ni hadithi ya kusimulia. Kwa kijana wa Iten au Mbulu aliyesafiri na akiba ya familia nzima akitegemea zawadi ya fedha, dakika mbili ni ada ya shule ya wadogo zake.

Kwenye kona kama hiyo anatakiwa mtu aliyepita njia yote siku moja kabla, anayejua watu wa kilomita 10 wanageukia wapi na wa kilomita 21 wanaendelea wapi, na mwenye uthubutu wa kumzuia hata mwenye pikipiki. Uthubutu huo haupatikani kwa kuvaa riflekta. Unatokana na kuambiwa wazi kabla ya siku: hapa mwenye amri ni wewe.

Posho au moyo?

Hapa ndipo waandaaji na vijana wanapotofautiana, na ubishi huu nimeusikia kwenye vikao vingi.

Waandaaji wanasema wakianza kutoa posho, roho ya kujitolea inakufa. Orodha itajaa majina ya watu wasiofika, sahihi zitawekwa na mtu mmoja kwa niaba ya watano, na wale wanaoupenda mchezo watasukumwa nje na wanaotafuta chochote. Wanasema pia kwamba mbio nyingi ni za hisani, kila shilingi ya posho inatoka kwenye wodi ya wazazi au madawati. Hoja hiyo siidharau. Nimewahi kuona orodha ya namna hiyo kwa macho yangu.

Vijana wanajibu kwa hesabu. Saa kumi alfajiri daladala hazijaanza. Bodaboda kutoka pembezoni mwa mji ni shilingi elfu tano, kurudi ni daladala mbili, na chai anajinunulia. Kijana asiye na ajira anatoa mfukoni mwake ili kuhudumia mbio zenye jina la benki kubwa mgongoni. Kwa wengi wao neno lenyewe limeshachakaa: wamejitolea shuleni, wamejitolea hospitalini, wamejitolea ofisini miaka miwili wakisubiri ajira isiyokuja. Wakilisikia tena kwenye mbio wanaona ni mlango uleule.

Ubishi huu haupo kwetu peke yetu. Nchini Marekani mwaka 2014 mtu aliyejitolea kusindikiza wakimbiaji kwa baiskeli aliifikisha mahakamani kampuni iliyoandaa mbio hizo, akidai kwamba kampuni ya biashara haiwezi kutumia watu bila ujira kwa kisingizio cha kujitolea. Kabla ya Olimpiki ya Tokyo, watu wapatao 10,000 kati ya 80,000 walijitoa, wengi kwa hofu ya korona. Waliobaki walipewa yeni 1,000 za nauli kwa siku.

London ilipita katikati. Hakulipwa mtu mshahara, na wengi walijigharamia malazi. Lakini siku ya zamu usafiri wa mjini ulikuwa bure, chakula kilitolewa, sare ilitolewa. Kila aliyechaguliwa kati ya waombaji zaidi ya 240,000 alisailiwa na kufundishwa kwa hatua: mafunzo ya jumla, ya kazi yake, kisha ya mahali pake hasa. Walioteuliwa kuongoza walipata mafunzo ya ziada ya uongozi.

> Kijana asiye na ajira anatoa mfukoni mwake ili kuhudumia mbio zenye jina la benki kubwa mgongoni.

Msimamo wangu nautoa bila kuuzungusha. Mtu anayejitolea anatoa muda wake na nguvu zake. Nauli yake si ya kutoa. Anayemrudishia nauli na kumpa chai na chapati hajamlipa mshahara, na roho ya kujitolea haifi kwa chapati. Wazee wetu wa Upareni walijua hilo kwenye msaragambo: aliyeitwa kuchimba mfereji alichimba bure, lakini hakurudi nyumbani na njaa.

Kwa kiongozi wa timu ninaongeza. Yeye anabeba dhamana ya usalama wa watu, na dhamana haiwezi kukabidhiwa kwa ujumbe wa simu wa saa mbili usiku. Kama mbio zinaendeshwa na kampuni kwa faida, alipwe. Kama ni za hisani, aandaliwe sawasawa na apewe cheti kinachoeleza alichokifanya: aliongoza watu wangapi, wapi, kwa saa ngapi. Mwajiri anayesoma "alishiriki" hajui chochote. Anayesoma "aliongoza watu 22 katika kituo cha maji cha kilomita ya 15" anajua anamwita nani kwenye usaili.

Kilicho mbele yetu

Tangu Kilimanjaro Marathon ilipoanza Moshi mwaka 2003, mbio za barabarani zimeenea nchini hadi miji mingi ina yake. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa kwa pamoja fainali za soka za mataifa ya Afrika. Vijana watakaoelekeza wageni pale ni hawahawa wanaosimama leo kwenye meza za maji. Kama leo tunawafundisha kwamba kuongoza ni kuvaa riflekta, hicho ndicho watakachokwenda nacho.

Ninachowaomba waandaaji hakihitaji bajeti ya Olimpiki. Muda wa saa mbili Jumamosi, mahali palepale atakaposimama kiongozi, pamoja na askari wa trafiki wa kona ile na mhudumu wa Msalaba Mwekundu. Namba mbili za simu zinazopokelewa, moja ya maji na moja ya wagonjwa. Maelekezo ya akiba ya maji yaandikwe kwa Kiswahili kwenye karatasi ileile ya majina. Nauli ilipwe siku hiyohiyo.

Mwaka uliofuata niliombwa tena kuongoza meza. Nilikubali kwa sharti la kupelekwa mahali pale siku moja kabla, na nilipelekwa. Nilitawanya meza, nikaficha katoni 20 nyuma ya ukuta, na mtu wa mwisho alipopita saa tatu kasoro dakika kumi tulikuwa bado na maji.

Yule mama wa kanga nilimpigia simu kabla ya siku, kumwomba aje tena. Aliniuliza jambo moja tu: safari hii maji yatawafikia wa mwisho? Nikamwambia yatawafikia. Akaja, na binti yake. Elfu kumi yake nilimrudishia siku hiyo, kutoka mfukoni mwangu, maana hakuna ofisi iliyowahi kumuuliza.

Na wewe utakayekimbia Jumapili ijayo, ukifika mezani chukua chupa moja. Ukishamaliza, mtafute mwenye riflekta ya kiongozi umuulize kama amekunywa chai. Mara nyingi anakuwa bado.